Chungu Nilichompelekea Mama Mkwe

Nianze na kilichokuwa kinaniuma: nilitaka jiko langu. Nilikuwa nimeolewa upande wa Butiama, nina nyumba ya udongo ya vyumba viwili ambayo niliisiriba kwa mikono yangu mpaka kuta zake zikawa laini kuliko za mtu yeyote pale nyumbani kwa wakwe zangu, lakini ndani yake hapakuwa na mafiga. Kwa watu wale mke mpya hapiki kwake. Anapika kwa mama mkwe, kwa kuni za mama mkwe, na mama mkwe ndiye anayegawa chakula, hadi siku atakapoamua mwenyewe kukuletea mawe matatu, kaa la moto na chombo cha kupikia. Siku hiyo unakuwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo wewe ni mgeni anayeosha vyombo.

Wengine husubiri msimu mmoja wa mavuno. Mimi wa pili ulikuwa umeshapita. Mume wangu alifanya kazi kwenye jineri ya pamba Bunda, na kila alipokuja mwishoni mwa juma alikula kwa mama yake, juu ya kigoda kilekile alichokalia utotoni, mimi nimepiga magoti namnawisha mikono. Nilikuwa namwangalia akitafuna na kuwaza: huyu bado ni mtoto wa mtu, na mimi si mke wa mtu yeyote.

Lakini kuna jambo lililonitia hofu kuliko kusubiri, nalo ni chombo chenyewe nitakachopewa. Ilikuwa miaka ya foleni. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, viberiti vilivyoingia unyevu, na muuzaji aliyelala juu ya kaunta kwa sababu hakuwa na la kufanya. Sufuria zilikuwa hadithi. Mama mkwe alikuwa na bakuli la bati lililotoboka, tundu lake limezibwa kwa kitambaa kilichopakwa utomvu, na kikombe cha plastiki kilichoyeyuka upande mmoja. Kisha vilikuwepo vyungu vyake, na kikuu kati ya hivyo kilikuwa kitu cha kutisha. Kilikuwa kimeinama upande kama mzee anayesikiliza umbea. Mdomo wake ulishapasuka, ukafungwa waya. Masizi yake yalikuwa na unene wa kidole. Nilipokuwa nakoroga uji ndani yake nilihisi najikoroga mwenyewe.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alijua nilivyokichukia. Alikuwa na tabia ya kukipigapiga ubavuni akipita.

"Wifi, kisugue vizuri," alikuwa akisema. "Hiki si ndicho utapewaga wewe? Mama alipewa na bibi, na wewe utapewa na mama. Utazeeka nacho."

"Sina haraka," nilimjibu.

"Unayo. Unakiangaliaga kama mtu anayeangalia jeneza."

Niseme wazi nilivyo, maana bila hivyo mtu hataelewa nilichokifanya. Nilizaliwa Kitaji, Musoma mjini. Niliishia darasa la saba, na mengine yote nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma kurasa za magazeti yaliyofungiwa dagaa na kwa kuchungulia sebule za watu. Mkeka ukikaa upande siwezi kuongea mpaka niunyooshe. Nikifunga mlango narudi kuuangalia, na nikishauangalia narudi tena. Si unadhifu, ni hofu, na hofu hiyo ikikosa pa kwenda inageuka kuwa dharau. Kitaji nilidharau kila sebule niliyoingia: vitambaa vilivyodariziwa maua yasiyoota popote duniani, waridi za plastiki zinazooshwa kila Jumapili kwa maji ambayo watoto wa nyumba hiyo wangeyanywa, kabati la vioo lenye glasi zisizowahi kuguswa na mdomo wa mtu. Na juu ya yote, mitungi iliyopakwa rangi ya mafuta ya kupakia milango, ikaandikwa "Karibu Wageni" kwa herufi zinazopanda mlima. Kwa hiyo mimi nilijua mambo mawili tu kuhusu vyungu: vya mjini vimeharibiwa kwa rangi, vya kijijini vimeharibiwa kwa moshi. Sikujua kwamba chungu kinaweza kuwa kizuri.

Nililijua hilo siku niliyokwenda Bunda kumwona mume wangu. Alikuwa zamu, nikaenda sokoni kupoteza muda. Pembeni, mbali na dagaa, alikaa mama mmoja wa kutoka kando ya ziwa, upande wa Guta, na vyungu vyake vimepangwa juu ya majani makavu. Nilipita. Kisha nikarudi.

Sijui niseme nini bila kuonekana mjinga. Vilikuwa vyekundu, wekundu wa udongo uliosuguliwa kwa kokoto ya ziwani mpaka ukang'aa bila kupakwa kitu. Matumbo yake yalikuwa ya duara kamili, na yule mama hakuwa na kifaa chochote zaidi ya viganja vyake na kipande cha kibuyu. Shingoni vilizungushwa mkanda wa vijistari vidogo, alama ya kamba ya majani iliyosokotwa na kubingirishwa juu ya udongo mbichi. Mkanda ulianza pale ulipoishia, usionekane umeungwa wapi. Nilichuchumaa na kutafuta maungio kwa kidole. Nilizunguka chungu kizima. Hayakuwepo.

Mfinyanzi mwenyewe hakufanana hata kidogo na kazi yake. Alikuwa anatafuna muwa na kutema makapi karibu na miguu ya wateja, na nilimwona akipaka masizi na nta juu ya ufa wa mtungi mmoja kabla ya kumuuzia mwanamke aliyegeuka kuita mtoto. Nilimdharau palepale. Ila vyungu vyake niliendelea kuvishika. Nilikigonga kimoja kwa kifundo cha kidole nisikie mlio, nikakiinua kwenye mwanga, nikakirudisha, nikachukua kingine, nikakuta doa jeusi la moto, nikakirudisha, nikaomba cha nyuma kabisa.

"Dada," akasema, "unanunua chungu au unaposa?"

"Naangalia."

"Hata mume wako hukumwangaliaga hivyo."

Alisema kweli, na nilikasirika. Bei ya chungu kwake ilikuwa mtama unaokijaza mpaka mdomoni. Fedha alizikataa kwa sababu, alisema, noti haziliwi wala hazinunui kitu. Mtama sikuwa nao. Nilikuwa na mche wa sabuni ambao mume wangu aliupata kwa kusukumana kwenye foleni, na alikuwa amenipa asubuhi ile nimpelekee mama yake. Mama mkwe alikuwa anafua kwa majani ya mpapai wakati huo. Nilifikiri kwa muda ambao mtu hufikiri anapokuwa ameshaamua, nikautoa.

Nilirudi juu ya lori la pamba, chungu kimo mapajani, nimekizungushia kanga yangu. Njia nzima nilitengeneza hoja. Si kwamba sikujua desturi. Nilijua chombo cha jiko hakinunuliwi na mke, hutoka mkononi mwa mama mkwe. Basi, nikajiambia, na kitoke mkononi mwake: nitampa yeye, na yeye siku ile atanipa mimi. Desturi itatimia, na kile kilichofungwa waya kitabaki kwake. Niliiona kuwa hoja safi, isiyo na ufa. Hivyo ndivyo tulivyo watu tuliojifundisha wenyewe: tukiijua kanuni tunadhani tumewajua watu.

Nilimkuta amekaa anapeta ulezi. Nikapiga magoti, nikafungua kanga.

"Mama, nimekuletea chungu. Siku utakayonipa jiko, nilikuwa naomba unipe na hiki."

Alikitazama muda mrefu. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Umekipata wapi?"

"Bunda, mama."

"Kwa kubadilisha na nini?"

Sikuwahi kujua kusema uongo mbele yake. "Kwa ile sabuni aliyokutumia mwanao."

Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, umeuza sabuni ukanunua matope!"

"Nyamaza wewe," mama mkwe akamwambia, kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya taratibu kabisa. "Mke wa mwanangu. Kwetu mwanamke anajitafutiaga chungu mwenyewe mama mkwe akishazikwa. Kwa hiyo mimi nilikufa lini?"

"Hapana, mama, mimi nilitaka wewe ndiye—"

"Nauliza tu. Nijue nijipange."

Alikichukua. Sikuthubutu kuuliza anakipeleka wapi. Kesho yake nilikiona kwenye kona ya jiko lake, kimejazwa majani makavu, kuku mwekundu amelalia mayai ndani. Kuku yule alinitazama kama mwenye nyumba. Alinyea juu ya mkanda ule usio na maungio, na mimi ndiye niliyefagia kona ile kila asubuhi, huku nikimchukia kuku kwa chuki ambayo mtu hapaswi kuwa nayo kwa mnyama wa kufugwa.

Jiko sikupewa msimu ule. Wala uliofuata. Mume wangu nilipomwambia aseme na mama yake, alisema mambo ya jikoni hayamhusu, akaomba uji. Niliwadharau wote, mmoja mmoja na kwa pamoja: yeye na kigoda chake, wifi na kicheko chake, mama mkwe na chungu chake cha waya ambacho, kwa hesabu zangu, alikuwa ananihifadhia kama adhabu. Usiku sikulala vizuri. Nilihesabu makosa yangu tangu nifike pale, nikayapanga kwa ukubwa, na chungu kikawa cha kwanza kila mara.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Mtu aliyekuwa anauza magendo kwa kujificha akaanza kuuza mchana, na maduka yakajaa kama mto uliozibuliwa. Mpakani Sirari zikapita beseni za rangi zote zinazoumiza macho, mitumba, sabuni za kunukia, na sufuria. Sufuria nyembamba, nyeupe, nyepesi kama karatasi, zimepangwa moja ndani ya nyingine mpaka juu ya paa la duka. Watu walizishika kama mtu anavyoshika mtoto aliyepotea. Mfinyanzi wa Bunda nilimkuta siku moja anauza beseni. Nilimwuliza vyungu viko wapi. "Nani anataka?" akasema. Nilisema mimi. Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtu kama yule si kitu cha kupewa.

Baada ya mavuno ya mwaka ule, asubuhi, mama mkwe alikuja kwangu bila kunitaarifu. Wifi alikuwa nyuma yake na mawe. Kaa la moto lilikuwa kwenye kigae. Na mkononi mwake mama mkwe alishika sufuria mpya, karatasi ya kiwanda bado imebandikwa ubavuni.

Nilipiga magoti. Niliyafurahia mawe, na macho yangu yakakataa kuiangalia sufuria.

"Unaona inavyong'aa?" akasema.

"Naona, mama."

"Mwanangu nilimwambia: jiko simpi mke wako mpaka uniletee sufuria. Nimengoja mpaka zikaja." Akakaa kwenye kizingiti, amechoka. "Mimi nilipewaga kile kilichopinda. Kilikuwa kimepinda tangu kwa bibi yao. Nililia siku ile, nikasema mke wa mwanangu hatapewa takataka kama ile. Halafu wewe ukaniletea chungu. Chungu tena, na sabuni yangu ndani yake. Nimevikimbia vyungu maisha yangu yote."

Wifi yangu akageuza uso. Alikuwa anajua muda wote.

Misimu yote ile wanawake wawili tulikidharau chungu kimoja, mimi nikidhani ananihifadhia, yeye akidhani mimi napenda vyungu. Ningeweza kulia kwa ujinga wetu. Badala yake niliyapanga mafiga, nikayapima kwa macho, nikayasogeza, nikayasogeza tena, mpaka mama mkwe akasema, "Yaache, yamekaa." Nikawasha.

Ugali wa kwanza wa jiko langu niliusongea katika kitu nisichokiheshimu. Sufuria ile ilicheza juu ya mawe kila nilipokaza mwiko, ugali ukaungua chini na kubaki mbichi juu, karatasi ya kiwanda ikashika moto na kunuka. Mama mkwe aliishikilia kwa vijiti viwili upande mmoja, wifi upande wa pili, watu watatu tukipigana na chombo kimoja. Kwa desturi mama mkwe ndiye wa kuonja kwanza. Alimega, akatafuna taratibu.

"Una mabuje ya unga mbichi," akasema, akamega tena.

Nilimshukuru. Nilishukuru kwa moto, kwa mawe, kwa kuitwa mwenye nyumba. Sufuria sikuitaja, na niliona kwamba amegundua sikuitaja.