Dafrosa Hangoji Siku Kubwa

Sixbert alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, mwezi wa Julai, kahawa ikiwa imeiva. Mama yake, Dafrosa, alikuwa akishuka kutoka shambani kwao Mkumbi na kikapu kichwani, uchungu ukamkamata kwenye mteremko. Mumewe, Izidori, alihangaika mpaka akapata gari, na jioni ile ile mtoto akazaliwa hospitalini mjini, kilo moja na gramu mia tatu, na kilio chembamba kama cha mtoto wa paka.

Walimweka kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakamfunga kwa kitenge, akakaa humo wiki tano kama kifaranga chini ya bawa. Wodi ile ilikuwa na akina mama saba, kila mmoja na kifurushi chake kifuani. Kwenye kitanda cha jirani alilala Emerensiana, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, aliyetoka mwambao wa Nyasa. Watoto wao walizaliwa siku moja, ila wa Emerensiana alikuwa mdogo zaidi.

Kila asubuhi nesi Hilaria alikuja na mizani yake. Mtoto yeyote alipoongezeka, hata gramu ishirini tu, Emerensiana alifungua chupa yake ya chai akawamiminia wote kidogo kidogo, kisha wakapiga vigelegele vya kunong'ona ili wasiwashtue watoto. Nesi Hilaria, ambaye kwao ni Singida, alisema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kusikia vigelegele vya namna hiyo. Lakini hakuwakataza, na kuna siku naye alipokea chai.

Siku ya kumi na tisa mtoto wa Emerensiana alifariki. Dafrosa alimtazama mwenzake akikunja kanga zake, akamshika mkono tu. Emerensiana ndiye aliyesema.

"Mwanangu ameishi siku kumi na tisa, na siku nne kati ya hizo tulimshangilia. Ningengoja akue ndipo nifurahi, leo ningerudi nyumbani mikono mitupu. Wewe usingoje, mama."

Dafrosa alirudi Mkumbi na mtoto wake na maneno hayo. Mtoto alimwonyesha kila mtu. Maneno aliyaweka moyoni.

Nyumbani walikuwa wakiishi boma moja na mama mkwe wake, Bibi Mektilda, ambaye alizaa watoto tisa akakuza wanne. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kumchemshia mkwewe uji wa uzazi. Ila kwake furaha ilikuwa kitu cha kufunikwa, kama moto unavyofunikwa majivu, usije ukaonekana na upepo. Kwa hiyo siku Sixbert alipofikisha kilo tatu, na Dafrosa akapika togwa na kuwaita majirani wawili watatu, bibi alishangaa sana.

"Mtoto hushangiliwa akibatizwa, na akipata komunyo ya kwanza," alisema. "Tangu lini watu wakaalikana kwa sababu ya kilo tatu?"

Dafrosa alijibu, "Ndiyo, mama," akamjazia kikombe. Bibi Mektilda alikinywa, maana togwa haikataliwi, lakini alikinywa akiwa amegeukia migombani.

Baada ya hapo Sixbert alianza kuchelewa. Watoto wa rika lake waliketi, yeye akawa bado analala chali akitazama dari. Wenzake wakatambaa, yeye ndiyo kwanza shingo inakaza. Dafrosa alimrudisha hospitalini, na nesi Hilaria akamwita daktari. Daktari alimpima, akamgeuza huku na huku, akasema kwamba kule kuzaliwa mapema kulimgusa kidogo ubongoni, ndiyo maana mguu wa kushoto ulikuwa mgumu. Walipobaki wawili, nesi Hilaria alimwambia Dafrosa kwamba mengi wanayofanya wenzake na yeye atayafanya, ila asimpime kwa kalenda ya mtoto wa jirani. Akamfundisha namna ya kumnyoosha miguu kila asubuhi na jioni.

Izidori ni mtu wa maneno machache. Alisikiliza habari hizo jioni, akala, akalala. Asubuhi alichukua jembe akachimba shimo dogo kando ya jiko, mfano wa yale mashimo ya ngolo ambayo Wamatengo huchimba milimani ili yashike maji na udongo, ila hili lilikuwa la kina kifupi. Akalitandika blanketi kuukuu, akamketisha Sixbert humo, udongo ukimshika kiunoni pande zote. Kwa mara ya kwanza mtoto aliuona uwanja wao akiwa ameketi. Aliwaona kuku, akamwona mbuzi, akawacheka wote. Dafrosa hakungoja aketi bila shimo. Siku hiyo hiyo alikaanga ndizi.

Miezi ikapita, shimo likawa linapunguzwa kina kidogo kidogo. Alipotimiza mwaka mmoja na miezi mitatu, asubuhi moja Sixbert aliketi nje ya shimo, juu ya mkeka, peke yake, watu wakiwa wanatazama kwingine. Aliyemwona ni dada yake, Celestina, aliyekuwa na miaka sita. Celestina alikimbia mpaka shambani kumwita mama. Dafrosa aliacha jembe pale pale lilipokuwa, akaja akapika chapati za maji, akatuma habari kwa majirani. Walikuja nusu yao, wengine walikuwa na kazi zao. Sixbert alikaa katikati ya mkeka na shati lake la ubatizo lililokuwa limeanza kumbana, akapigiwa makofi. Katikati ya makofi akainamia mbele taratibu kama mti uliokatwa, akaangukia uso ndani ya sahani ya chapati. Alipoinuliwa alikuwa anatafuna.

Usiku ule, wakati wa kulala, Celestina alimuuliza mama yake, "Na mimi nilipokaa, mlipika nini?"

Swali lile lilimchoma Dafrosa. Celestina aliketi kwa wakati wake na kutembea akiwa na miezi kumi, na hakuna aliyepika kitu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kukaa ni jambo. Alimwambia mwanawe ukweli, kwamba hawakupika, na kwamba mama naye alikuwa hajajifunza. Wiki hiyo hiyo Celestina aliandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Aliandika CELETINA, bila S ya katikati, herufi zikipanda mlima. Bibi alitaka ukuta ufutwe. Dafrosa aliomba uachwe, akamchemshia binti yake yai zima, la peke yake, akamwekea kwenye sahani ya wageni. Celestina alilila polepole, akitoka nje kila baada ya vipande viwili kwenda kulitazama jina lake.

Bibi Mektilda aliyaona yote hayo. Kisha siku moja, wakiwa wawili wanachambua maharage barazani, alimuuliza mkwewe jambo ambalo inaonekana alikaa nalo muda mrefu.

"Ukifurahi hivi kwa kila kitu, siku jambo likiharibika utajificha wapi?"

Ndipo Dafrosa alipomsimulia habari za Emerensiana, chai ya kwenye chupa, vigelegele vya kunong'ona, zile siku nne kati ya kumi na tisa. Hakuwa amemsimulia mtu mwingine isipokuwa mumewe. Bibi aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, moja moja, akiyatupa uwanjani. Alipofika karibu na mwisho wa ungo alisema bila kuinua uso:

"Wangu wa tatu aliitwa Rogasian. Alikuwa na meno mawili. Sikumwambia mtu yeyote kwamba yameota."

Dafrosa alimwita, "Mama." Alisogeza kigoda chake karibu na cha bibi wakamalizia maharage. Jioni alimuuliza Izidori kuhusu kaka yake Rogasian, na Izidori akasema hajapata kulisikia jina hilo.

Baada ya siku ile bibi hakuanza kupiga vigelegele, tusidanganyane. Lakini togwa ilipopikwa hakugeukia tena migombani. Na Izidori alipokata mianzi miwili mirefu akaifunga kwenye vigingi kimo cha kifua cha mtoto, iwe njia ya Sixbert kujifunza kusimama, bibi ndiye aliyekaa naye kila siku wazazi wakiwa shambani. Mtoto alishika mwanzi huku na mwanzi huku, akaburuta mguu wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho, akageuzwa, akaanza upya. Bibi alimhesabia safari kwa Kimatengo. Mwaka wa pili ukaisha. Alikuwa anatembea ndani ya mianzi kama mzee wa kanisa, lakini akitolewa nje alikaa chini.

Julai ilipofika tena, Sixbert akikaribia miaka mitatu, Dafrosa alikwenda Kitai kuuza maharage. Mnunuzi alichelewa kufungua mizani, na gari la kurudi lilikaa kituoni kutwa likingoja kujaa. Alipofika Mkumbi jua lilikuwa limeshagusa vilima. Uwanjani alimkuta Bibi Mektilda amekaa chini juu ya mkeka, amechoka, kilemba kimelegea, na ngumi yake imeshika shati la Sixbert kwa nyuma. Sixbert alikuwa anavuta kama mbuzi aliyefungwa kamba.

"Shikamoo, mama," alisema Dafrosa. "Amefanya nini?"

"Marahaba. Simama hapo hapo, usije karibu," alisema bibi. "Asubuhi aliachia mwanzi, akaenda mpaka kwa mbuzi. Mara ya pili akaenda mpaka mlangoni. Nikasema hapana, mama yake hajaona. Tangu saa nne nimemshika shati."

Kisha akafungua ngumi.

Sixbert alimtazama mama yake, akatazama kikapu alichobeba, akakaa chini. Akanyoosha mkono kuomba kitu cha kula. Bibi alimsimamisha, akakaa tena. Wakamwita, wakamwonyesha mkate ambao mama alitoka nao Kitai, wakamtuma Celestina asimame mbele yake ajifanye mbuzi. Hakuinuka. Siku nzima alitaka kutembea akazuiwa, na sasa alikuwa ameridhika na maisha ya kukaa. Bibi Mektilda alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga. Alisema alitaka kumtunzia mwenzake jambo lake, na sasa amelipoteza kwa kulishika sana.

Dafrosa alikaa naye mkekani. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alicheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi tena kuwa kicheko, na mtoto akatumia nafasi hiyo kumega mkate.

"Kesho ataamka atembee tu, mama," alisema. "Tungoje kesho."

"Tungoje nini?" alisema bibi. "Pika. Nimeona mimi, inatosha."

Basi ikapikwa. Izidori alirudi kutoka kwenye kahawa akakuta jogoo yumo chunguni na majirani wameshafika, na aliyekuwa mlangoni akisimulia safari ile ya kwenda kwa mbuzi, hatua kwa hatua, akionyesha kwa miguu yake mwenyewe namna mtoto alivyoburuta wa kushoto, alikuwa mama yake mzazi. Alisimama kando akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kunawa, akachelewa sana kurudi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Asubuhi iliyofuata Dafrosa alikuwa kwenye kichanja akigeuza kahawa ipate jua, akasikia kitu kimemgusa sketi. Alipogeuka alimkuta Sixbert amesimama nyuma yake, ameshika upindo, hana mtu nyuma wala mwanzi kando. Umbali kutoka mlangoni hadi pale ni hatua za mtu mzima kumi na mbili. Hakuna aliyemwona akizipiga.

Sasa Sixbert ana miaka mitano na nusu, yuko darasa la awali. Anakimbia akiegemea upande mmoja, na akianguka anainuka bila kulalamika, kwa kuwa kuanguka amekuzoea kuliko wenzake. Vidole vya mkono wa kushoto navyo ni vizito. Mwezi uliopita alifunga kifungo cha shati la shule peke yake. Kilikuwa kifungo cha tatu kwenye tundu la pili, shati likapinda, akaenda nalo shuleni hivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyethubutu kulirekebisha.

Jumamosi ya wiki hiyo jumuiya ndogo ndogo ya kanisa ilisali nyumbani kwa jirani. Ilipofika wakati wa shukrani, kila mmoja alisema lake. Mmoja alishukuru kwa mvua kuja vizuri, mwingine kwa mtoto aliyefaulu kwenda sekondari, mzee mmoja kwa kupona nimonia. Dafrosa alisimama akasema anamshukuru Mungu kwa kifungo kimoja cha shati. Katekista alingoja aendelee, akidhani ni mwanzo wa maneno. Dafrosa akakaa.

Bibi Mektilda alisimama baada yake, akishika ukuta kwa sababu magoti siku hizi yanamsumbua. Alikohoa kidogo, akasema na yeye anashukuru kwa kifungo hicho hicho.