Mama Ndoo, aliyewatambua giboni wake kwa sauti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Ndoo anatua ndoo mbili za matunda na kusimama mbele ya wavu wa giboni, sokwe wadogo wa misitu ya Asia. Jike mwenye manyoya ya dhahabu anaanza kuimba taratibu, anapandisha, anapandisha, kisha anakatisha ghafla. Dume mweusi mwenye mashavu meupe anamjibu.

"Zimebaki siku nne," anasema bila kugeuka.

Mama huyu mwenye miaka hamsini na mmoja ni mlishaji katika bustani ya wanyama. Jina la ndoo amebandikwa na wenzake, naye ameshalizoea. Kwa miaka kumi na saba amewalisha hao wawili, Bibie na Shavu, walioletwa pamoja na hati moja iliyosema giboni wa mashavu meupe.

Wakati huo wataalamu wengi waliwahesabu giboni hao wa kaskazini na wale wa kusini kuwa spishi moja. Baadaye wakawatenga kuwa spishi mbili, lakini hati ikabaki kabatini vilevile. Majike wao wanafanana mno. Kinachowaumbua ni wimbo, kwa mwenye sikio.

Naye sikio analo. Mwaka jana alikuwa akipiga deki ofisini kwa daktari wa wanyama, kompyuta ikitoa sauti za giboni wa kaskazini.

"Nikaropoka: daktari, mbona huyo haimbi kama Bibie wetu? Bibie anamaliza mapema. Akacheka weee! Kesho yake akaja kuchukua damu."

Majibu yakatoka: Shavu ni wa kaskazini, Bibie ni wa kusini. Mtoto wao angekuwa chotara, na kila spishi imebakiwa na wachache. Bibie ametafutiwa dume wa aina yake katika bustani nyingine, mwendo wa siku nzima kwa lori, na siku hizo nne zikiisha atapelekwa huko. Shavu atasubiri, mwenzake hajapatikana.

"Nilipigiwa makofi kikaoni, naitwa mtaalamu. Nikaenda stoo nikalia. Ningefunga mdomo wangu, wangeendelea kuishi pamoja."

Daktari anasema uamuzi ni sahihi. "Ila simkatazi kulia," anaongeza. "Hata mimi naona vibaya."

Nyumbani, binti wa Mama Ndoo hamwachi mama yake apumue.

"Mama, chakula hakipiti kwa sababu ya nyani?"

"Nyani ana mkia, mwanangu. Giboni hana. Huyu ni wa ukoo wa sokwe, ila mdogo wa umbo tu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ujue unamcheka nani."

Hofu yake ni moja: kwamba Bibie, akifika ugenini, atanyamaza. Kwa hiyo ameomba kusindikiza kizimba chake, na uongozi umempa ruhusa ya wiki mbili.

"Nitakaa pale mpaka aimbe na yule dume amjibu," anasema, akiziokota ndoo zake. "Wakiimbiana, nitajua mdomo wangu haukuharibu kitu. Wiki mbili nimezisikia. Lakini nimemwambia daktari, tiketi yangu ya kurudi asiikate kwanza."