Makofi ya Darasa la Jirani

Chuoni kwetu, hapa chini ya Uluguru, waliniletea mwalimu mwenzangu wa saikolojia ya kujifunza, binti mdogo kabisa. Darasa lake lilipakana na langu. Mimi nikiwasomea wanafunzi notsi kwamba anayepongezwa hurudia alichofanya, upande wa pili wanampigia makofi mwenzao aliyejibu vizuri na kupaza sauti, "Kilo kwake!" Wangu wanaweka kalamu chini, wanatabasamu wakiutazama ukuta. Niliona wivu. Watu wazima, walimu watarajiwa, wanapigiana makofi kama chekechea!

Siku moja uzalendo ukanishinda, nikaenda kumgombeza kwa hizo kelele.

"Shikamoo, madam! Karibu," akasema, na kabla sijafungua mdomo akaligeukia darasa. "Madam wetu katutembelea. Kilo kwake!"

Chumba kizima kikanipigia makofi. Nimefundisha mpaka nywele zimeota mvi, na hakuna darasa lililowahi kunipigia. Nikaitikia marahaba, nikatoka bila kugomba.

Kesho yake nikabisha tena hodi, nikasema nimeishiwa chaki. Chaki nilikuwa nayo mkobani. Nikasimama pale mlangoni, nikisubiri.