Mwanachama wa Pili

Chama changu kina wanachama wawili. Kilizaliwa Norwe, na kilikuwa chama cha wakomunisti wa mrengo wa kushoto kabisa, wale waliowaona wakomunisti wengine kuwa walegevu. Mwanachama mmoja anaishi Kasongo, nyuma ya soko, na ni mimi. Wa pili sijui kama yu hai. Jina lake pia silijui.

Nilifika Norwe kutoka kambi ya wakimbizi, nikapangiwa mji mdogo wa kaskazini wenye kiwanda cha samaki. Kwenye meza ya kukatia minofu, aliyesimama karibu nami alikuwa mzee mrefu asiye na ncha ya kidole kimoja. Siku moja akaniuliza mashine hizi ni za nani, zangu au zake. Nikajibu si zangu. "Wala si zangu," akasema, na urafiki wetu ukaanza hapo.

Historia ya chama alinipa vipande vipande, wakati wa kahawa. Walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, wamekasirishwa na vita vya Asia, wakajitenga na chama kikubwa kilichotaka mabadiliko ya polepole. Wakaamua kwamba wasomi waache vitabu na waende viwandani, wajifunze kwa wafanyakazi. Ndivyo alivyofika kwenye samaki. Alikusudia kukaa muda mfupi, akazeekea hapo. Waliuza gazeti lao mlangoni mwa kiwanda, theluji ikiwaangukia. Kwenye uchaguzi hawakupata kiti. Kisha waligombana juu ya nchi ya mbali ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga, kama ilikuwa bado ya kijamaa au imeasi, wakagawanyika. Waliobaki wakagawanyika tena.

Nilipojiunga tulikuwa watano, tukikutana jikoni mwake. Kila mmoja alikuwa na jina la siri, kwa kuwaogopa polisi wa zamani. Hofu ilikuwa imekwisha, desturi ikabaki, na kuuliza jina halisi kulikuwa kukosa adabu. Mlango wake haukuwa na kibao. Kiwandani walimwita Mwekundu tu. Wenzetu watatu walizikwa nikiwa huko, na majina yao halisi niliyasikia kwa mara ya kwanza kanisani, mchungaji akiyasoma. Mzee aliketi kiti cha nyuma na kofia mapajani, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mama alipougua nilirudi kwetu Maniema, na baada ya kumzika nikabaki. Kasongo ninafanya kazi redioni. Kila mchana ninasoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji alikotoka, matanga yako wapi. Bila jina na baba hatutangazi. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe, baada ya mvuvi mmoja wa Nyangwe, aliyefanana jina na marehemu, kusikia kifo chake redioni huku anashona wavu, na wakwe zake wakawa wamekwisha kuingia uani wakilia.

Kila Jumapili mzee na mimi tulifanya kikao kwa simu. Mvua zilipoanza akanyamaza. Ujumbe wangu unabaki na alama moja ya kijivu: umetumwa, haujafika. Nilikiandikia kiwanda. Kilikuwa kimeuzwa, na aliyenijibu, mgeni pale, aliomba jina kamili. Nikamweleza: mrefu, mzee, hana ncha ya kidole. Akajibu kwamba waliopoteza ncha za vidole pale ni wengi.

Nikapanda pikipiki kwenda Kabambare kwa dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya. Nilifika na matope mpaka kiunoni, nikamkuta anamenya mihogo.

"Yaya, nataka tukae matanga."

"Ya nani?"

"Ya rafiki yangu wa Norwe."

"Amekufa?"

"Sijui."

Akaweka kisu chini. "Jina yake?"

"Sijui."

"Baba yake?"

Nikaanza kubandua matope kwenye suruali.

"Mutu umekula naye miaka yote, hata baba yake hujui. Sasa ulikuwa unajua nini?"

Nikamwambia nilichojua. Anakunywa kahawa bila sukari. Anashika kisu kwa mkono wa kushoto. Siku nilipoondoka alilia kwenye kituo cha basi, akasingizia upepo.

"Basi huyo iko mutu," akasema. "Lakini tukitandika mukeka, majirani watauliza tunalilia nani. Tutawaambia tunalilia chama?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Na kama iko muzima? Ngoja, mudogo wangu. Maiti haina haraka."

"Ninangoja nini?"

"Mutu mwingine wa hicho chama akupe habari."

"Hakuna mwingine."

Alichukua muhogo mwingine akaumenya mpaka mwisho kabla ya kusema, "Kumbe uko peke yako hivyo."

Nimerudi Kasongo. Mchana ninasoma majina ya watu na ya baba zao, na sauti yangu inafika ng'ambo ya mto Lualaba. Jina langu la siri alinichagulia yeye, na hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Sijaitwa kwa jina hilo tangu mvua zianze.

Ujumbe wa mwisho niliomtumia ulikuwa ajenda ya kikao: chama kiendelee au kifungwe. Kwa kanuni zetu, uamuzi huo unataka kura ya kila mwanachama aliye hai, na ukimya si kura. Yangu nimekwisha kuiandika. Alama bado ni moja.