Kriketi Iliyonishusha Dunguni

Nakumbuka asubuhi moja pale Idodi, mwanangu, nilipoamka na furaha iliyonikosesha hata hamu ya uji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na siku hiyo ilikuwa inaanza mechi ya mwisho ya kriketi kati ya timu mbili za ng'ambo. Kila moja ilikuwa imeshinda mechi mbili. Hii ya tano ndiyo ingeamua, na ingechezwa siku tano nzima. Wenzangu walinicheka, maana wao walijua mpira wa miguu tu. Mimi mwalimu wangu wa hesabu kule Iringa alikuwa amenitia ugonjwa huo, na sikutaka kupona.

Sasa sikiliza. Mpunga wa bibi yangu ulikuwa umeiva, na kwelea kwelea walikuwa wameingia bondeni. Ndege wale wakitua shambani, saa moja inatosha kukuachia mabua matupu, na mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka. Kwa hiyo nilishinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, nikipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Bibi miguu ilikuwa inamsumbua. Alibaki nyumbani, akiniamini.

Redio yangu haikushika kitu bondeni. Ilishika juu ya kilima, mwendo wa nusu saa. Nikajidanganya kwamba nitapanda nisikie tu nani anaanza kupiga, kisha nishuke mbio. Bibi sikumwambia. Niliamua mwenyewe kwamba atakataa, bila hata kumuuliza.

Kule juu nikamkuta mtangazaji anasema mvua imenyesha, mchezo utachelewa kidogo. Nikasubiri. Akasema wanakausha uwanja. Ukweli nikuambie, kusubiri kule kulikuwa kutamu kuliko mechi zote nilizowahi kusikia. Nikapanga wachezaji wa kokoto juu ya jiwe, nikawachezesha, nikashangilia peke yangu kama mwehu. Akasema mvua imerudi. Nikasema haitakaa. Jua likafika utosini, ndipo akatangaza kwamba leo hawachezi tena.

Niliposhuka nilisikia sufuria linagongwa. Bibi alikuwa katikati ya mpunga, ameegemea fimbo, sauti imemkauka. Upande wote wa mfereji ulikuwa umeliwa.

Hakunifokea. Wiki nzima alikuwa amenisikia nikihubiri mechi hiyo, akajua nilikokuwa. Akaniita kama bibi zetu wanavyotutania wajukuu.

"Haya, mume wangu. Nani kashinda?"

"Hawajaanza, bibi."

Alicheka, mimi nikalia. Kisha akasema, "Ungeniambia, ningemwita shangazi yako akae dunguni. Kwani mi sijui kupenda kitu? Kesho nenda kasikilize. Ila uage."

Kesho yake nikaaga, shangazi akakaa dunguni, mimi nikapanda kilimani. Timu yangu ilifungwa siku ya tano. Mwaka ule mchele uliisha mapema sana, na bibi hakunikumbusha kosa langu hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko kiboko.

Leo naishi Soweto, hapa Mbeya, mzee mzima, na kesho asubuhi kuna mechi nyingine ya kuamua. Simu nimeshachaji, na mke wangu anajua tangu juzi kwamba kesho siendi naye kanisani kufanya usafi. Alinuna kidogo, akamchukua jirani.

Kwa hiyo sikukatazi kupenda, mwanangu. Penda mpaka uchekwe. Lakini kama kuna mtu amelala kwa amani kwa sababu anajua wewe uko kazini, mwambie ukweli kabla hujaondoka. Huenda akakuruhusu. Akikataa, angalau atajua ajilinde vipi.

Mungu akupe jambo la kukukosesha usingizi kwa furaha, na akujalie kuwaaga wanaokutegemea.