Mhuri Kifuani mwa Mwinjilisti

Steshenari ya Sosthenes iko Kihesa, chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Ukutani, kando ya leseni ya biashara, alikuwa ametundika cheti: Mteja Mwaminifu, Miaka Kumi. Kilimjia kwa barua pepe kutoka kampuni ya ng'ambo inayotengeneza programu anayopangia kadi za harusi na ratiba za mazishi. Akakichapa mwenyewe, akakitia fremu. Nimezunguka miji mingi, sijaona mtu mwingine aliyetundika cheti cha namna hiyo.

Kazi alijifunza Mbeya, kwa Mrisho, ambaye programu zake zote ni za kuchakachua. Kila mwaka leseni inapokaribia kwisha, Mrisho hupiga simu.

"Umeshawapelekea wazungu sadaka yao?"

"Nalipia ninachotumia, kaka."

"Haya, mlokole wa kompyuta. Mbinguni utachapa bure."

Mwaka huu alilipia Jumatatu. Malipo yakapokelewa, ukaja ujumbe: asante kwa uaminifu wako, leseni yako sasa ni ya toleo jipya. Toleo jipya likagoma kuingia kwenye kompyuta yake, eti imezeeka. Aliandika kuuliza. Alijibiwa na mashine mara tatu, na mara zote tatu ilimwita mteja wetu mpendwa na kumshauri anunue kompyuta nyingine. Akajaribu toleo la zamani. Likafunguka kama siku zote. Akamshukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Jumatano ikaja kazi ya msiba kutoka Kilolo: ratiba mia tatu za mazishi ya mwinjilisti Ezekia, picha yake ukurasa wa mbele. Huyu ndiye aliyemfundisha Sosthenes kipaimara.

Sosthenes ana utaratibu wake kwa kazi za misiba. Karatasi zikitoka kwenye printa zimelala kifudifudi, hazigeuzi. Anazikunja hivyohivyo na kuzifunga kwa kamba. Marehemu, anasema, atazamwe kwanza na wenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta hakukuwa na kasoro yoyote.

Alizipeleka mwenyewe Kilolo. Mafungu yalipofunguliwa uani, ndipo alipoona pamoja na watu wote: kutoka begani hadi kiunoni mwa mwinjilisti, mhuri wa kijivu wa maneno ya Kiingereza, kwamba nakala hii si halali. Toleo la zamani kampuni ilikuwa imelifunga kimyakimya. Liliendelea kuchapa, lakini kwa kuaibisha.

Waliojua Kiingereza waliwanong'oneza wasiojua. Mjane, mama Lea, alimuuliza binti yake, "Frida, wamemwandika nini baba yako?"

Frida akakunja karatasi.

Sasa Wahehe na Wangoni ni watani, na msibani mtani hazuiwi. Mngoni mmoja, Aroni, ambaye asubuhi alikuwa ameshajilaza kaburini akidai alipwe ndipo atoke, aliinua ratiba juu.

"Jamani, msizike! Huyu ni feki! Imeandikwa hapa! Orijino mmeificha wapi, enyi Wahehe?"

Ua mzima ukacheka. Hata mama Lea alijifunika kanga, mabega yakitikisika.

"Kachapa nani?"

"Yule pale, wa Kihesa. Yule anayelipia."

"Analipia nini sasa?"

Sosthenes aliniambia kwamba angetukanwa angevumilia. Kicheko kile hakikuwa na ubaya wowote, na ndiyo sababu hakupata pa kujitetea. Aliinamisha kichwa mpaka maziko yakaisha.

Akampigia Mrisho, akitegemea kejeli. Mrisho hakucheka. "Pole, mdogo wangu," alisema tu, na kesho yake flashi yenye programu yake ya kuchakachua ikafika kwa basi kutoka Mbeya.

Nilimkuta Jumamosi, nilipoingia kutoa nakala za pasipoti yangu. Alikuwa anachapa ratiba zilezile mia tatu upya, bila malipo, ili wafiwa wabaki na kumbukumbu isiyo na mhuri. Safari hii aligeuza kila moja na kumtazama Ezekia usoni. Zilikuwa safi kabisa. Alinisimulia yote bila kuinua macho, kisha akaniomba nimsindikize Kilolo. Nadhani aliogopa kuingia ua ule peke yake.

Mama Lea alikuwa amekaa mkekani. Alipitisha kidole kifuani mwa mumewe, pale mhuri ulipokuwa.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu. "Kumbe umeshawalipa hao watu."

Sosthenes alinitazama mimi kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Ezekia alikuwa anasema, darasa lile lote, wewe tu ndiye hujui kudanganya."

Na kweli alikuwa amelipa. Barabara nzima ya kurudi nilifikiria hilo: hakusema uongo hata neno moja, na jasho lilimtoka kama mwizi.

Alipofungua duka hakuwasha taa. Alikishusha cheti msumarini, akakilaza kifudifudi juu ya printa, kisha akaniuliza pasipoti yangu nataka nakala ngapi.