Nilivyompoteza mama yangu kwenye tamasha la muziki wa Waskoti, Muscat

Alkhamisi, Januari 2003. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu kidogo baada ya adhuhuri, na kibaridi kinachoteremka kutoka milimani.

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mnisamehe kuanza na tarehe na hali ya hewa. Ndivyo ninavyoandika mambo yangu kila siku, mkono umeshazoea. Shule sikufika mbali, kwa hiyo mkiona nimeandika ovyo mahali mnivumilie. Nitasema nilichokiona, na pale nisipokuwa na uhakika nitawaambia sina.

Wakati ule nilikuwa nikiishi Ghubra na mama yangu, flati ya ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Sisi ni Waomani wa Zanzibar. Nilikuwa nalea watoto kwenye nasari moja ya wazungu. Nimeachika, watoto sikujaaliwa, nyumba nzima ni mimi na yeye.

Mama alikuwa na goti bovu. Kutoka kitandani hadi bafuni anatembea kwa fimbo, na mimi nimemshika mkono. Siku nzima yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, televisheni imewashwa, hata haangalii. Chakula anagusa tu. Ukimuuliza unataka nini, anasema sitaki kitu.

Kaka yangu Said alikuwa akikaa Al Amerat, kajenga nyumba nzuri, vyumba vyote chini. Alitaka mama ahamie kwake.

Wakuu, lazima niwe mkweli hapa. Said alikuwa na hoja. Kwake hakuna ngazi, na mkewe anashinda nyumbani. Kwangu mama anabaki peke yake mpaka nirudi kutoka kazini. Kila nikipima maneno yake naona yana uzito. Lakini nikifikiria ile flati bila mama ndani yake, naona hata ufunguo sitataka kuutia mlangoni. Sijui kama ule ulikuwa upendo au choyo. Mpaka leo sijui.

Sasa ikatokea mwalimu mkuu wetu wa nasari, mama mmoja wa Kiirishi, akanipa tiketi mbili. Wenzake walikuwa wakifanya tamasha la muziki wa kienyeji wa kwao, Waskoti na Wairishi, kwenye bustani ya hoteli moja. Wenyewe wanauita muziki wa Celtic. Walingoja msimu wa baridi, maana majira ya joto hapa nani akae nje.

Nikaja nazo nyumbani pamoja na karatasi ya tangazo. Ina picha ya mwanamume kavaa seketi ya mirabaraba, kakumbatia lile zumari la mfuko.

Mama akaichukua ile karatasi akaiangalia weee.

"Huyu mtu wa beni," akasema.

Kwa vijana msiojua: zamani kule kwetu mitaa ilikuwa na beni zao, ngoma na matarumbeta, wanaandamana njiani kama wanajeshi. Babu yangu alipiga tarumbeta kwenye beni ya mtaani kwao, na wenyewe walishonesha seketi kama hizo kwa kuwaiga askari wa Kiskoti. Niliwahi kusikia habari hiyo utotoni nikadhani ni masihara.

"N'takwenda," mama akasema.

Tangu Ramadhani hakuwahi kutaka kitu. Sasa anataka kwenda mahali.

Nikampigia Said. Nilijua atasema nini na akasema.

"Umpeleke mama yangu kwenye baridi akatazame wanaume wenye seketi?"

"Ametaka mwenyewe."

"Na ngazi?"

"Tutashuka pole pole."

Akaniambia, "Sikiliza. Mpeleke. Lakini likimpata jambo lolote huko, mama anahamia kwangu wiki hii hii, na sitaki mjadala."

Nikakubali. Ningekataaje? Maneno ya haki.

Tulifika baada ya Alasiri. Nikamweka mama kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, blanketi magotini, fimbo nikaiegemeza pembeni. Wazungu wamevaa masweta wamefurahi na ile baridi kama watu waliopata barua ya nyumbani.

Kuhusu muziki wenyewe, wakuu, sitadanganya. Nusu yake sikuielewa. Alikuja msichana na fidla, huyo alinipendeza. Mama akaniinamia, "Fidla yenyewe hii ya taarabu, ila huyu anaikimbiza kama kaanika nguo na mvua inakuja." Nikacheka. Nikaona na yeye anacheka.

Kisha akasema anasikia baridi. Nikamwambia, "Kaa hapo hapo mama, usiinuke, nakuletea chai."

Foleni ya chai ilikuwa ndefu. Nikiwa pale nikasikia mazumari yameanza. Hayo sikuyapenda, nilihisi masikio yanapasuka. Wapigaji walikuwa askari wetu wa Kiomani, maana jeshini kwetu wana bendi za mazumari haya tangu zamani. Wakaizunguka bustani, kisha sauti ikaenda ikipungua, wakatoka.

Nikarudi na vikombe viwili.

Kiti kipo. Blanketi lipo. Fimbo ipo.

Mama hayupo.

Wakuu, chai ilinimwagikia mkononi sikuisikia. Mtu asiyeweza kufika bafuni bila mimi ameendaje? Nikadhani ameanguka wamembeba. Nikaenda vyooni, hayuko. Nikauliza waliokaa jirani, kila mmoja alikuwa anatazama bendi. Nikazunguka bustani nzima nikimwita jina lake kama mtoto.

Halafu nikafanya jambo ambalo roho yangu haikutaka. Nikampigia Said.

"Mama simuoni."

Nilingoja matusi. Akasema neno moja tu, "Nakuja," simu ikakatika.

Pale nikajua nimeshampoteza mara mbili. Nikimpata, ni wa Al Amerat.

Getini kulikuwa na mlinzi, kijana wa Kenya. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu kibovu, akanijibu kwa Kiswahili.

"Shosho mwenye buibui? Ametoka na hao watu wa filimbi."

"Ametoka vipi?"

"Kwa miguu, madam. Alikuwa nyuma yao, anarusha mkono hivi. Mimi nikadhani ni mamake mmoja wao, nikamfungulia."

Nilitaka kumgombeza. Lakini ningekuwa mimi pale getini, nami ningefungua.

Nikakimbia hadi paking. Mwisho kabisa limeegeshwa basi la ile bendi. Mlango wazi. Na mama yangu kakaa kiti cha mbele, koti la mtu mabegani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, askari wamemzunguka na seketi zao wanacheka.

Nikakaa kwenye kidato cha basi nikalia.

"Unalia nini?" mama akaniuliza. "Nani kafa?"

"Mama, nilikwambia usiinuke."

"Beni haitazamwi kwa kukaa. Wanaume wanapiga, wanawake wa mtaa mnafuata nyuma mpaka beni ifike kwao. Wee ulitaka niwaache waende peke yao, kama hawana watu?"

Kijana mmoja, Khalfan, naye wa Zanzibar kama sisi, akasema, "Dada, huyu mama'ko? Sajini wetu anauliza kama anataka kazi. Sisi wengine hatua zinatupotea, yeye hata moja haikumpotea."

"Wewe wa pembeni ndiye uliyekuwa ukipotea," mama akamwambia. "Nilikuona."

Basi zima likacheka. Khalfan akashika kichwa.

Said akafika na kanzu yake ya dishdasha, hata kofia hakuvaa. Akamwangalia mama, akaniangalia mimi. Nikasimama, nikamwambia mbele ya wote, "Niliahidi. Mhamishe."

Mama akaweka kikombe chini.

"Nani anahamishwa?"

Said akasema kwa upole, "Mama, ni kwa ajili ya afya yako."

"Mie kabati? Tangu Ramadhani mnabishana mniweke ukuta gani. Huyu ananiambia kaa mama. Nikienda kwako, mkeo ananiambia pumzika mama. Miguu yangu ilikuwepo siku zote. Nyie ndio mnaonikalisha."

Akavua lile koti akamrudishia mwenyewe.

Kisha akashuka ngazi za basi, mkono mmoja tu begani kwa Khalfan, akaelekea kwenye gari ya Said. Alikuwa anachechemea, sitaki kumpamba. Lakini alikwenda mwenyewe, na sisi wawili tuko nyuma yake, mimi nimeshika ile fimbo.

Njiani Said akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile flati ya chini kwenye jengo lenu, imepata mpangaji?"

Nikamwambia bado. Akasema atamuona mwenye nyumba. Basi. La kuhama hakulitaja tena, si siku ile wala baadaye. Ile kamba tuliyokuwa tukivutana tuliiachia pale kwenye gari, na nafsi yangu ikashuka kama mtu aliyetua mzigo.

Haki ni haki: kesho yake goti lilivimba, na Said alikuwa amesema kweli kuhusu baridi. Nikampigia nikamwambia. Akajibu, "Mkande kwa maji moto. Akipona tumtoe tena."

Nilichojifunza, kama nimejifunza sawasawa, ni kwamba tulimpenda mama mpaka tukasahau kumuuliza. Sisi tulipigania pa kumweka, kumbe alitaka pa kwenda. Huenda kwa mzee wako si hivyo, wazee hawafanani. Mwenye mzazi ndani aniambie yeye anafanyaje, na anayeona nilikosea kumwacha pale kitini aseme tu, sitachukia.

Jioni ile ya tamasha tulikula chapati na mchuzi wa papa aliotuletea mke wa Said kwenye sufuria. Nilitaka kuinuka nipakue, mama akanikata jicho. "Kaeni nyie," akasema. Tukakaa, mimi na Said, na mama akatupakulia.